Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Mapenzi na Kuitoa Kitabu Ukiwa Kisumu

Maswali huwa ni yale yale. Kuchapisha ni pesa ngapi? Nikimpa mtu muswada wangu si ataniibia? Nina hadithi tamu kweli, nianzie wapi? Swali la pesa huja mbele ya yote, na kwa maoni yangu ndilo lingefaa kuja nyuma ya yote. Kuna watu wamelipia jalada, wamepiga picha ya kuweka nyuma ya kitabu, wamechagua hata rangi ya nguo ya siku ya uzinduzi, na riwaya yenyewe imekwama sura ya tatu.

Mwongozo huu unakwenda kinyume cha hapo: kwanza kazi ya bure, halafu kazi ya bei nafuu, halafu ndipo ufungue mkoba. Nimeuandika nikimfikiria mtu wa Kisumu, lakini aliye Kakamega, Bungoma, Busia au Nakuru ataufuata vilevile.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Simu yenye programu ya kuandikia, au kompyuta. Wengi huandika kwa simu na hakuna ubaya wowote.
- Barua pepe yako mwenyewe. Kila Jumapili jitumie nakala ya ulichoandika. Simu huibwa kwenye matatu, stima hupotea, mtoto hufuta faili.
- Kamusi moja ya Kiswahili sanifu.
- Riwaya tatu za mapenzi ulizozisoma hadi mwisho, ziwe za Kiswahili au za lugha nyingine. Anayetaka kuandika mapenzi na hasomi mapenzi huwa anatangaza mambo ambayo msomaji ameyajua kitambo.
- Saa moja kwa siku isiyoguswa na mtu.
- Wasomaji watatu ambao si mama yako wala mpenzi wako.

Pesa haimo kwenye orodha. Itaanza kuhitajika hatua ya saba.

Hatua ya 1: Pata watu wawili, na kitu kinachowatenga

Hapa ndipo riwaya nyingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Mtu huniambia, "Hadithi yangu ni ya msichana maskini na mvulana tajiri wanaopendana." Sawa. Kwa hivyo kinachowazuia kuoana ukurasa wa kumi ni nini? Akijibu "wazazi wa mvulana hawamtaki," namuuliza kwa nini kijana mwenye kazi na nyumba yake asimuoe hata hivyo. Kimya.

Kizuizi kinatakiwa kiwe cha aina mbili kwa pamoja. Kimoja kiko nje, watu wanaweza kukiona. Kingine kiko ndani ya mhusika mwenyewe, na hicho ndicho kigumu zaidi. Tutengeneze mfano tutakaoutumia hadi mwisho. Akinyi ni mshonaji nguo, ana kibanda mtaa wa Kondele. Barasa ametoka Bungoma, anafanya kazi ya ukarani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Miaka minne iliyopita Barasa aliandika vitabu vya hesabu vya chama kimoja cha wafanyabiashara wa soko la Kibuye. Chama kikayeyuka. Miongoni mwa waliopoteza akiba ni mama yake Akinyi, na Akinyi hajui kwamba karani wa wakati ule ndiye huyu anayemletea suruali kila wiki.

Hicho ni cha nje. Cha ndani: tangu siku ile Akinyi hamruhusu mtu yeyote kushika shilingi yake, hata kumsaidia kununua uzi. Barasa naye hakuiba, lakini aliona hesabu haziendi na akanyamaza kwa sababu aliogopa kupoteza kazi. Sasa hawa wawili wakipendana, kuna riwaya. Kila wanapokaribiana, kuna jambo linalokaribia kufichuka.

Andika yako kwa mistari mitano tu: nani, nani, wanakutana kwa nini, kinachowatenga nje, kinachowatenga ndani. Kama mistari hiyo mitano haijasimama, usiende hatua ya pili.

Onyo: Kutoelewana ambako kungeisha kwa simu moja si kizuizi. "Alimwona amekumbatiana na mwanamke, kumbe ni dada yake" ni jambo la sura moja. Haliwezi kubeba kitabu.

Hatua ya 2: Jua mwisho

Msomaji wa riwaya ya mapenzi hununua ahadi kwamba hawa wawili watafika mahali pazuri, au angalau penye tumaini. Si lazima iwe harusi. Lakini ukimuua Barasa kwa ajali ya barabarani sura ya mwisho ili watu walie, umeandika kitabu cha aina nyingine, na msomaji aliyelipa atakukumbuka kwa ubaya. Ukitaka tanzia, andika tanzia, na jalada liseme hivyo.

Hatua ya 3: Panga matukio kwa ukurasa mmoja

Wakutane. Wavutane. Wakaribiane hadi msomaji adhani mambo yameiva. Siri ivunje kila kitu. Kila mmoja abaki peke yake na kosa lake. Mmoja afanye jambo gumu ambalo sura ya kwanza asingeliweza. Warudiane. Ukurasa mmoja watosha. Atakayekuambia lazima uwe na chati ya ukutani anakuchelewesha.

Hatua ya 4: Andika muswada wa kwanza bila kurudi nyuma

Lenga maneno 50,000 hivi. Ukurasa wa kitabu cha A5 hubeba maneno kama 280, kwa hiyo hapo una karibu kurasa 180, kitabu cha kushikika. Maneno 500 kwa siku, siku mia moja, umefika.

Usirekebishe sura ya kwanza kabla ya kufika ya mwisho. Ukigundua katikati kwamba Akinyi anafaa kuwa na kaka, andika pembeni "ana kaka tangu mwanzo" na uendelee kana kwamba alikuwepo siku zote. Sura ya kwanza iliyopigwa pasi mara ishirini, na hakuna sura ya pili, haijawahi kuwa kitabu cha mtu.

Hatua ya 5: Weka hadithi mahali panapojulikana

Tazama mwanzo huu:

> Akinyi alikuwa msichana mrembo sana mwenye macho ya kuvutia. Barasa alipomwona tu alimpenda. Walikutana Kisumu, mji mzuri ulio kando ya Ziwa Victoria.

Sasa huu:

> Barasa aliweka suruali juu ya meza ya cherehani.
>
> "Zipu?" Akinyi aliuliza.
>
> "Na pindo."
>
> Aliigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono. Ulikuwa umeshonwa kwa mkono, uzi mweusi juu ya kitambaa cha kijivu, umerudiwa mara mbili tatu. "Hii nani alishona?"
>
> "Mimi."
>
> "Usirudie tena." Akaifumua kazi yote kwa wembe huku Barasa akitazama, akamwambia aje Alhamisi. Alikuja Jumatano.

Wa pili haujasema mtu ni mrembo wala amependa, na msomaji ameshajua. Mwambie msomaji siku ambayo Barasa alirudi. Hilo la kupenda atalimaliza mwenyewe.

Kuhusu mahali: wakaaji wa Kisumu watakushika kwa kosa dogo. Jua huku huzama upande wa ziwa, kwa hiyo wapenzi wako wasikae ufukweni Dunga kutazama likichomoza majini. Ziwa halina maji ya chumvi. Gugumaji huja na kuondoka, na linaweza kufunga ufuo hata mashua zikwame. Hilo pekee linaweza kuwa sura nzima. Kibuye hufurika Jumapili. Safari ya Kakamega inapita Chavakali, na ya Nakuru inakupandisha Kericho, kwenye mashamba ya chai na baridi ya kutosha kumfanya mtu avue koti ampe mwenzake. Kit-Mikayi, jiwe la mke wa kwanza kule Seme, ni mahali pazuri pa kumpeleka mwanamke anayeogopa kuwa wa pili. Ukiweka hadithi Nakuru, kumbuka ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021. Mhusika wa 2015 hawezi kuiita jiji.

Mazungumzo yafanane na watu. Usimulizi uwe wa Kiswahili sanifu, lakini kondakta wa Kondele asiongee kama mtangazaji wa habari. Neno la Kijaluo au Kibukusu mara moja moja hukoleza, mradi maana yake ionekane kwenye tendo lenyewe. Mama yake Akinyi atamwita Barasa "baba" siku akimpenda na "huyu mtu" siku akimkasirikia, na hapo umeokoa aya nzima ya maelezo.

Onyo: Usitumie jina na maisha ya jirani yako. Kubadilisha herufi moja hakutoshi ikiwa mtaa mzima utamjua. Mtu anayejiona amechafuliwa jina anaweza kukushtaki, na hata asipokushtaki, mtakutana dukani.

Hatua ya 6: Amua mlango utafungwa wapi

Mahaba. Kila mtu ana aibu kuuliza hili. Unaweza kuwapeleka hadi mlangoni ukaufunga, unaweza kuuacha nusu wazi, unaweza kuingia nao. Zote zinakubalika, ila uamue moja na ushikamane nayo tangu mwanzo. Riwaya iliyo na haya kurasa 150 halafu ghafla ikavua nguo humshtua msomaji. Kiswahili kina utajiri wa mafumbo, na kufumba vizuri mara nyingi huchoma kuliko kutaja.

Jambo ambalo silikubali kabisa ni mwanamume anayemfuata mwanamke hadi kwake baada ya kukataliwa mara tatu, na mwandishi akaliita penzi. Aliyekataa amekataa. Barasa alikuja Jumatano kwa sababu ana suruali pale, na Akinyi angeweza kumrudisha.

Hatua ya 7: Fumua na ushone upya

Weka muswada kando wiki tatu. Ukirudi, usome kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, sentensi ina kasoro.

Kisha wape wale wasomaji watatu. Usiwaulize "ni kizuri?" kwa sababu watasema ndiyo. Waulize uliacha kusoma wapi ukaenda kupika? Nani ulimchukia? Ulijua siri mapema? Wawili wakikwama ukurasa mmoja, tatizo ni la ukurasa.

Makosa ya tahajia ninayoyaona sana kwetu ni kutenganisha viambishi: "ana mpenda" badala ya "anampenda", "ali po fika" badala ya "alipofika". Mengine ni "hii kitu" kwenye usimulizi, na kuchanganya "huwa" na "uwa". Mhusika anaweza kusema "hii kitu" apendavyo, msimulizi hapana.

Baada ya hapo ndipo umtafute mhariri. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mwenye jicho kali anaweza kukufaa kwa tahajia. Mpe sura moja kwanza, mkubaliane malipo kwa maandishi, ndipo umpe zilizobaki.

Hatua ya 8: Chagua nani atakitoa

*Mchapishaji* huwekeza pesa zake, anakuhariria, anauza, na kukulipa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, mara nyingi karibu asilimia 10. *Mchapaji* anapiga chapa chochote unachomletea na wewe unalipa. Akija mtu akijiita mchapishaji na kukutaka ulipie kila kitu, huyo ni mchapaji aliyevaa tai. Hakuna dhambi kumlipa, ila mlipe kwa bei ya mchapaji, na hakimiliki ibaki kwako kwa maandishi.

Ukweli mchungu ni kwamba wachapishaji wakubwa wa Nairobi huishi kwa vitabu vya shule. Riwaya ya mapenzi ya watu wazima haiingii darasani, kwa hiyo muswada mzuri unaweza kukataliwa bila ubovu wowote. Soma masharti yao, tuma sura za mwanzo na muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema mwisho, kisha subiri miezi. Wakikulipa siku moja, mrabaha wa mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio (ile inayokatwa kabla hujalipwa) ya asilimia 5, kwa hiyo uwe na PIN ya KRA.

Usisahau mashindano. Tuzo ya Safal, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hupokea miswada ya riwaya za Kiswahili ambayo haijachapishwa. Ndiyo sababu nasema usiweke riwaya yote Facebook. Sura mbili za kuonjesha zinatosha. Kilichokwisha kutolewa chote mtandaoni kinaweza kukataliwa na mchapishaji au na waandalizi wa tuzo.

Amazon nayo huulizwa kila mara. Kitabu cha kielektroniki cha kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kukupa hadi asilimia 70 katika masoko kadhaa. Nje ya bei hizo ni 35. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo mrabaha wa mauzo ya kule hukatwa asilimia 30 kabla hayajakufikia. Kabla ya kuhangaika, fungua orodha yao ya lugha zinazokubaliwa uone kama yako imo. Usiseme kitabu ni cha Kiingereza ili kipite.

Hatua ya 9: Hakimiliki na ISBN

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi ni yako tangu ulipoiandika, na ulinzi hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Kusajili na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni hiari, lakini cheti hurahisisha ugomvi ukitokea.

ISBN ni nambari ya tarakimu 13 ya kukitambulisha kitabu, na nchini hutolewa na maktaba ya taifa, ile tunayoiita KNLS. Kitabu cha karatasi kina yake na cha kielektroniki kina yake. Usitumie moja kwa vyote. Kisheria pia mchapishaji hupeleka nakala kwa msajili wa vitabu na magazeti. Ukikitoa kitabu mwenyewe, mchapishaji ni wewe.

Hatua ya 10: Piga chapa chache

A5. Karatasi ya gramu 70 au 80, jalada la gramu 250 na kuendelea, mgongo wa gundi. Mchapaji wa mashine kubwa hupenda kurasa zinazogawanyika kwa 16, kwa hiyo zile 180 ukiongeza za mwanzo unaweza kufika 192. Mgongo wa kurasa 192 ni milimita 10 hivi; mwenye kuchora jalada aambiwe kurasa zikishajulikana, si kabla. Acha milimita 3 za ziada pembeni za kukatwa.

Agiza nakala moja ya kuangalia. Ishike, ifungue katikati kwa nguvu. Karatasi zikibanduka, tafuta mchapaji mwingine. Kisha agiza 50 au 100. Bei ya kila nakala hushuka ukipiga 1,000, ndiyo, lakini vitabu 900 chini ya kitanda huliwa na mchwa.

Hatua ya 11: Uza

Fanya hesabu kwanza. Tuseme nakala imekugharimu shilingi 300 na unauza 600. Duka likichukua asilimia 35, linabaki na 210, unapokea 390. Faida yako ni 90, kabla ya nauli. Ukiuza mwenyewe kwa M-Pesa unabaki na 300. Kwa hiyo anza na mikono yako: saluni, ofisi za walimu, vikundi vya WhatsApp, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro. Saluni hasa. Mtu anayesukwa ana saa nne za kukaa, na nakala moja iliyoachwa pale hufanya kazi kuliko bango.

Usimwachie mtu vitabu bila karatasi iliyotiwa sahihi inayosema ni vingapi na atalipa lini.

Ukikwama

*Nimefika katikati na sina la kusema.* Rudi kwenye mistari mitano. Yaelekea siri imefichuka mapema au kizuizi cha ndani hakipo.

*Wahusika wangu wote wanaongea sawasawa.* Funika majina usome mazungumzo. Usipojua nani anasema, mpe mmoja tabia ya kujibu kwa swali na mwingine ya kufupisha.

*Mume wangu anadhani Barasa ni mtu ninayemjua.* Hutokea. Mpe muswada asome mwenyewe mapema, kabla hajasimuliwa na watu.

*Mchapaji amechelewesha na hapokei simu.* Ndiyo maana hulipi zote mwanzoni. Lipa nusu, nyingine ukipokea vitabu, na uwe na stakabadhi.

*Nimeona PDF ya kitabu changu kwenye kikundi cha Telegram.* Piga picha ya skrini yenye jina la kikundi na tarehe, ripoti kwa wenye jukwaa, na upeleke malalamiko KECOBO ukiwa na cheti na faili zako za awali zenye tarehe. Kisha jiulize ilitokea wapi. Kila msomaji wa majaribio apewe faili yenye jina lake chini ya kila ukurasa, na faili ya mwisho aipate mchapaji peke yake.